Nyumba na Bustani: Ukoka Mpya na Magugu Yake



Masika yanapokaribia, ni desturi ya nyumba nyingi za pwani yetu kuutazama uwanja ulio mbele ya mlango na kutamani uwe kijani. Vumbi la kaskazi limechosha, na tope la mvua laja. Basi baba hununua magunia mawili matatu ya ukoka, watoto huitwa, na jioni moja uwanja wote huwa umekwisha kuchomekwa. Furaha iliyoje! Lakini baada ya wiki tatu au nne, furaha ile hugeuka kuwa masikitiko. Ukoka bado umelala chini kama mgonjwa, na juu yake yamesimama majani mengine ambayo hakuna aliyeyapanda. Hapo ndipo watu wanapoanza kuulizana: Tufanye nini?

Huenda msomaji akatuuliza: Gazeti la dini na majani ya uwanjani, wapi na wapi? Twamjibu kwamba nyumba ya Mwislamu ni amana, na uwanja wake ni sehemu ya nyumba. Hapo ndipo watoto wajifunzapo kutambaa na kukimbia. Hapo ndipo mkeka hutandikwa baada ya Alasiri. Hapo ndipo wageni hukaa siku ya harusi na siku ya matanga. Mtume wetu Muhammad, s.a.w., ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Tena ametufundisha kwamba kuondoa njiani kitu chenye kuudhi ni tawi mojawapo la imani. Sasa mwenye kung'oa mbigili mahali wapitapo watoto kwa miguu mitupu, je, hakuondoa chenye kuudhi?

Lakini kabla ya kumshauri mtu, yatupasa kwanza kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulipanda ukoka mbele ya nyumba yetu. Ardhi yetu ni ya mchanga na mawe ya chokaa, kama zilivyo ardhi nyingi zilizo karibu na bahari, nasi tukashauriwa kuongeza udongo mweusi. Tukanunua lori zima, bila ya kuuliza udongo ule ulichimbwa wapi wala kuuchekecha. Kwa macho ulikuwa mzuri sana, lakini ndani yake mlikuwa na vifundo vidogo vyeusi, mfano wa kunde, ambavyo hatukuvitambua. Tukapanda siku ile ile. Siku ya kumi ukoka ulikuwa ungali umesinyaa, na ndago zimesimama juu yake kama askari katika gwaride.

Tukaghadhibika. Tukaenda sokoni tukanunua dawa ya magugu kwa muuzaji aliyetumiminia kutoka katika dumu kubwa na kututilia katika chupa ya soda, isiyo na jina wala maelezo. Tukapuliza uwanja mzima asubuhi moja. Haikutimia wiki mbili ukoka wote ukawa umekauka. Ndago nazo zilikauka majani, lakini baada ya mwezi zikachipua upya, na safari hii zilikuwa peke yao, hazina wa kushindana nao.

Wala hasara hiyo siyo kubwa. Lililo kubwa ni kwamba chupa ile tuliiacha kwenye ngazi za nyuma, ikiwa na mabaki ya dawa. Ijumaa moja tuliporudi msikitini, tulimkuta mtoto wetu wa miaka minne ameishika kwa mikono miwili, anahangaika na kifuniko, akidhani ni soda. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Alhamdulillahi Rabbil Alamin. Lakini usiku ule hatukupata usingizi, kwa kufikiri kwamba kwa ajili ya majani tu tulikaribia kupoteza kile ambacho uwanja ule ulipandwa kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo tumejifunza jambo moja, nalo ndilo tunalomtaka msomaji aondoke nalo leo, hata akisahau mengine yote: Gugu ni mgeni wa mahali patupu. Halishindwi kwa ghadhabu ya siku moja, bali kwa kunyimwa nafasi. Ukoka ulioshikana vema ni mlinzi asiyelala. Hutia kivuli ardhini, hunywa maji yaliyo karibu na juu, na mbegu ya gugu ikianguka hapo haioni jua. Basi kazi ya mwenye uwanja mpya si kuua magugu tu; kazi yake khasa ni kuusaidia ukoka uifunge ardhi upesi. Yote tutakayoyaeleza hapa chini ni matawi ya shina hili moja.

Kwanza: Mjue adui yako

Magugu si mamoja, na asiyeyatofautisha huchoka bure. Katika viwanja vyetu tunaweza kuyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ndago. Hii si jamaa ya ukoka, ijapokuwa kwa mbali yafanana nao. Lishike bua lake lizungushe baina ya vidole, utahisi lina pembe tatu. Na majani yake hutoka matatu matatu. Chini ya ardhi ina vifundo vilivyounganishwa kwa nyuzi, mithili ya tasbihi. Ukivuta jani, uzi hukatika, kifundo hubaki, na vifundo vingine vilivyokuwa vimelala huamka. Tena mche mmoja uliotokeza juu huweza kuanza kutengeneza vifundo vipya baada ya wiki tatu hivi. Mtaalamu wa Kimarekani LeRoy Holm na wenzake, walipotoa mwaka 1977 kitabu chao juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, waliiweka ndago katika nafasi ya kwanza. Basi asione haya msomaji akishindwa nayo mara ya kwanza. Wala asidhani kwamba imeumbwa bure. Matabibu wa Kiarabu wa zamani walikijua kifundo chake kwa jina la su'd, na wakakitumia katika dawa. Lakini kila kitu na mahali pake.

Ndago ina udhaifu wa namna mbili. Kifundo kilichotolewa nje na kukaushwa juani siku kadhaa hufa. Na ndago iliyofunikwa na kivuli cha majani mazito hudhoofika. Yakumbuke haya mawili, maana tutayarudia.

Fungu la pili ni magugu yenye miiba. Mbigili hutambaa chini, ina ua dogo la rangi ya manjano, na tunda lake likikauka huachana vipande vitano, kila kimoja kina miiba migumu inayoweza kutoboa hata tairi la baiskeli, seuze unyayo wa mtoto. Lakini mbigili haina vifundo kama ndago. Yasimama juu ya mzizi mmoja ulioshuka ndani. Ukiukata kwa kisu chini kidogo ya uso wa ardhi, umeimaliza. Hatari yake ni mbegu, kwani huweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua. Kwa hiyo itolewe kabla haijazaa, na iliyokwisha kuzaa iokotwe pamoja na vipande vyake vyote. Pamoja na mbigili huja kifauwongo, ambacho hujikunja kikiguswa na kuwachekesha watoto. Hicho nacho kina miiba na mzizi mgumu, nacho chataka kuchimbwa kabla maua yake ya waridi hayajageuka kuwa mbegu.

Fungu la tatu ni magugu ya msimu: kishona nguo, mchicha wa porini, na mfano wa hayo. Haya huota kwa wingi na kutisha macho, lakini ndiyo dhaifu kuliko yote. Hukua kwa kwenda juu, na yakikatwa vichwa mara tatu nne kabla ya kutoa mbegu, mengi yake hufa yenyewe. Mtu asiyajue haya akayakimbilia kwa dawa, amepoteza fedha yake.

Pili: Kazi kubwa ni kabla ya kupanda

Sisi tulipanda siku ile ile tuliyomwaga udongo, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mwenye busara huanza Januari au Februari, jua likiwa kali na mvua bado. Achimbe uwanja kina cha shibiri moja, maana vifundo vingi vya ndago havishuki zaidi ya hapo, naye atumie uma wa kulimia badala ya jembe. Jembe hukata minyororo ya ndago na kutawanya vifundo, lakini uma huinyanyua mizima mizima. Udongo uchekechwe kwa wavu wa waya. Vifundo vitandazwe juu ya bati au sakafu ya saruji vikauke kabisa, kisha vichomwe. Visitupwe katika shimo la mbolea, kwani huko vitapata rutuba na kurudi na watoto.

Baada ya hapo uwanja usawazishwe, umwagiwe maji kana kwamba umekwisha kupandwa, na uachwe. Katika wiki mbili au tatu magugu yatachomoza kwa wingi, yakidhani wakati wake umefika. Asubuhi ya jua kali, yaparuliwe juu juu tu, kina kisichozidi vidole viwili. Usigeuze udongo tena, kwani ukiugeuza utazileta juu mbegu mpya zilizolala chini. Kisha mwagia maji tena, ungoje tena, uparue tena. Atakayeyafanya haya mara mbili atakuwa amepunguza sehemu kubwa ya vita yake kabla hata ya kununua ukoka. Watoto watanung'unika, na jirani atauliza kwa nini uwanja wako ungali mtupu ilhali wake umekwisha kupandwa. Wewe ngoja. Subira hii ina malipo yanayoonekana kwa macho.

Anayetaka kuongeza udongo wa kuletwa, na aombe ndoo moja kwanza. Autie katika beseni, aumwagie maji, auweke juani wiki mbili au tatu. Udongo wenyewe utamweleza ulichonacho ndani. Na mbolea ya ng'ombe isitumiwe mbichi, kwa kuwa mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwa mnyama zikatoka zima. Ikusanywe chungu, itiwe maji kiasi, igeuzwe mara kwa mara mpaka ipate moto na kisha ipoe, iwe nyeusi na harufu mbaya imekwisha. Moto ule wa ndani ya chungu, ukifika nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku kadhaa, huua mbegu zilizo nyingi.

Tatu: Upandaji

Ukoka wenye majani membamba wataka jua tupu mchana kutwa. Ule wenye majani mapana, ambao wengi huuita wa Pemba, huvumilia kivuli kidogo, kwa hiyo wafaa karibu na miembe na kuta. Anayepanda ukoka wa jua chini ya mwembe amewaandalia magugu nyumba, maana ukoka utakonda na ardhi itabaki wazi.

Gunia la ukoka likifika, lifungue ulitazame kabla ya kulipa. Mara nyingi ndago huingia uwanjani kwa mlango huu. Yakung'ute mashina udongo, yaoshe, uyatenge yasiyo ya ukoka. Kata vipande vyenye pingili mbili tatu, ufukie pingili moja au mbili na ncha yenye majani iachwe nje.

Sasa twafika penye kosa la wengi. Kwa kutaka gunia moja litoshe uwanja mzima, watu huchomeka kipande hapa na kingine hatua moja mbele. Lakini nafasi ile iliyo katikati ni ya nani? Ni ya gugu. Kwa umbali wa sentimita 20, mita moja ya mraba huchukua vipande 25. Kwa umbali wa sentimita 10, huchukua 100. Kazi ni nyingi zaidi, lakini uwanja hufunga mapema zaidi. Asiye na uwezo wa ukoka mwingi, afadhali apande nusu ya uwanja kwa karibu kuliko uwanja mzima kwa mbali. Mvua za vuli zikija, nusu ya kwanza itampa ukoka wa kupanda nusu ya pili, naye hatanunua hata gunia moja.

Nne: Malezi ya miezi mitatu ya kwanza

Katika wiki mbili za mwanzo, ardhi isiachwe ikauke juu. Mwagia kidogo kidogo kila siku isiponyesha. Ukoka ukisha kushika mizizi, badili desturi: mwagia mara chache, lakini maji yashuke chini. Maji ya juu juu kila siku huufundisha ukoka uvivu, mizizi yake hukaa juu, na ndago, ambayo hupenda unyevu, hufurahi. Wala tusisahau kwamba dini yetu yatukataza israfu katika kila jambo, na maji yamo. Nyumba yetu siku hizi huyakinga maji ya udhu katika karai na kuyapeleka katika ukoka. Watu sita, mara tano kwa siku, si maji haba.

Kupalilia kuanze wiki ya pili, wala kusingoje magugu yawe makubwa. Wakati mzuri ni siku ya pili baada ya mvua, ardhi ikiwa laini, kwani mzizi hutoka mzima. Kwa ndago, usivute jani; ingiza kisu kirefu kando yake, unyanyue udongo, ukifuate kifundo mpaka ukipate. Ikichipua tena, mtoe mtoto wake kabla ya wiki tatu kutimia, ili asipate muda wa kujiwekea akiba. Ukikosa kifundo leo, na kila mara ukaliondoa jani mapema, kifundo kitatumia chakula chake chote na mwisho kitachoka.

Na hapa kuna kanuni moja ambayo sisi tumeifanya sheria nyumbani kwetu: Kila unapotoa gugu, chomeka kipande cha ukoka mahali pake. Chukua kipande cha pembeni palipostawi, ukitie katika tundu lile lile, ukanyage kwa mguu, umwagie maji kidogo. Mwenye kung'oa na kuacha tundu amemtoa mgeni mmoja na kuuacha mlango wazi kwa mwingine.

Ukoka ukifikia kimo cha kukatwa, jaribu kwanza kuuvuta kwa mkono. Ukishikilia, ukate, ukitoka, ungoje. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ukoka mwembamba wafaa uachwe sentimita 3 hadi 4, na ule mpana sentimita 5 hadi 7. Wako wanaoukata mpaka ardhi ionekane, wakidhani ndiyo usafi. Hao huwafungulia magugu jua kwa mkono wao wenyewe. Fyekeo au mashine iwe kali, na majani yaliyokatwa yakiwa na mbegu za magugu yaondoshwe. Baada ya mwezi mmoja, mbolea ya urea gramu 10 kwa kila mita ya mraba, ikirushwa juu ya majani makavu na kumwagiwa maji mara hiyo hiyo, itauharakisha ukoka kufungana.

Tano: Juu ya dawa za kuulia magugu

Hatusemi kwamba dawa ni haramu, wala hatusemi kwamba mwenye shamba kubwa hana haja nayo. Tunasema juu ya uwanja mdogo, mpya, wenye watoto. Katika uwanja kama huo, dawa mara nyingi huleta madhara kuliko manufaa, na sababu zake ni hizi.

Glaifosati, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi madukani, huua karibu kila kinachoota kijani inapogusa jani lake. Haijui ukoka wala gugu. Ile iitwayo 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuuacha ukoka uliokomaa, lakini ukoka mchanga huweza kudhurika nayo, kwa hiyo isitumiwe kabla uwanja haujakatwa mara tatu nne. Tena haiikomeshi ndago. Na upepo ukiipeperusha ikafika kwenye nyanya au mipapai ya jirani, itaiharibu. Haki ya jirani katika Uislamu haihitaji kuelezwa hapa.

Ama juu ya afya, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifosati katika fungu la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za nchi nyingine, ikiwamo Marekani, hazikukubaliana na kauli hiyo. Sisi si mahakimu baina ya wataalamu. Twasema tu kwamba anayeweza kuimaliza kazi kwa kisu na mikono yake hana sababu ya kuingia katika shaka. Lakini juu ya parakwati hapana shaka yoyote. Funda moja laweza kumuua mtu, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa tangu mwaka 2007. Isiingie kabisa katika nyumba yenye watoto.

Atakayelazimika kununua dawa yoyote, ainunue katika duka lenye kibali, ikiwa katika chombo chake cha asili chenye maelezo. Aifungie kwa ufunguo. Asiimimine kamwe katika chupa ya soda, ya maji au ya mafuta ya kupikia. Avae glavu na viatu, asipulize siku ya upepo, na asiwaruhusu watoto uwanjani mpaka muda ulioandikwa kwenye maelezo upite. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja, na chombo cha dawa kichukuliwe pamoja naye ili daktari aone ni sumu gani.

Wako pia wanaomwaga maji ya chumvi, au oili chafu ya gari, wakisema hizo si sumu. Chumvi huiharibu ardhi, na ukoka haustawi tena hapo kwa muda mrefu. Oili hushuka na huweza kufika kisimani, tena kisima huenda si chako peke yako. Msingi wa sheria yetu ni kwamba mtu asijidhuru wala asiwadhuru wengine.

Sita: Neno kwa vijana

Enyi vijana wetu, kazi hii yawafaa ninyi kuliko wazee wenu, ambao migongo yao imechoka. Igaweni nyumbani: kila mmoja awe na ukanda wake wa upana wa dhiraa mbili, auangalie robo saa tu baada ya Alasiri, mara mbili kwa wiki. Asiwe mtu wa kulaumu ukanda wa ndugu yake ilhali wake una mbigili. Na wazazi wasiifanye kazi hii kuwa adhabu ya makosa, kwani mtoto aliyepalilia kwa kuadhibiwa hatapanda kitu maishani mwake.

Nanyi mtakapokuwa mmeinama, zingatieni neno hili. Moyo wa kijana nao ni uwanja mpya. Mabaya hayaingii humo kwa sababu yana nguvu, bali kwa sababu yamekuta nafasi. Saa tupu, jioni tupu, urafiki usio na kazi wala elimu, hayo ndiyo matundu. Mwenye kuacha tabia mbaya bila ya kuweka njema mahali pake ameng'oa gugu na kuliacha tundu wazi. Chomekeni kipande cha ukoka: sala kwa wakati wake, kitabu, kazi ya mikono, kumzuru mgonjwa.

Msomaji atataka kujua uwanja wetu umekuwaje. Tulianza upya, tukachimba, tukachekecha, tukangoja, tukapanda nusu tu. Nusu ya pili ilifuata wakati wa vuli. Leo umefunga, isipokuwa karibu na ukuta, ambako ndago hutokeza kila baada ya mvua, nasi huinama tukaitoa. Yule mtoto aliyeishika chupa sasa ana miaka saba, na ukanda wa ukutani ni wake. Ana kisu chake butu na kikopo chake cha vifundo, naye huvihesabu kabla ya kuvianika juani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aoteshaye na wala si sisi, azibariki nyumba zenu na viwanja vyenu, awahifadhi watoto wenu na kila chenye kudhuru, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusubiri. Amin.

Wabillahi Tawfiq.